Betty Alikuwa Wapi? Tashtiti za karne ya 18 na kazi ya mwanamke

Mwaka 1735 Alexander Pope, mshairi aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Uingereza, alichapisha shairi refu kuhusu tabia za wanawake. Mistari miwili ya kwanza ilitosha kukata shauri: wanawake walio wengi, alisema, hawana tabia yoyote. Hata hakukubali kulibeba neno hilo peke yake. Alidai amelisikia kwa mwanamke, rafiki yake Martha Blount, ambaye ndiye aliyeandikiwa shairi lenyewe. Tangu hapo wasomi wamekuwa wakibishana: Pope aliwachukia wanawake au aliwatetea? Na Jonathan Swift, mwandishi wa wakati wake aliyeandika mambo makali zaidi, je?

Naona mabishano hayo yamekaa mno kwenye sifa na matusi. Mshairi akisifu macho ya bibi fulani huhesabiwa mtetezi. Akitaja jasho la kwapani mwake huhesabiwa adui. Mimi huzisoma tashtiti hizi, yaani mashairi ya kejeli, kwa kuuliza jambo jingine. Mwanamke aliyemo ndani ya shairi anafanya nini kuanzia asubuhi hadi usiku, na ni kazi ya nani imewekwa pembeni ili shairi lipate kuchekesha? Ukisoma hivyo, utaona kwamba utetezi wenye nguvu kuliko wote wa karne ile hautoki kwa Pope wala kwa Swift, wala kwa mabibi wa kikabaila waliowajibu kwa ufasaha mkubwa. Unatoka kwa mfua nguo wa mji mdogo wa Petersfield, katika jimbo la Hampshire, aliyeitwa Mary Collier.

Tashtiti dhidi ya wanawake ilikuwa na mizizi mirefu. Mroma Juvenal, karne ya 2, aliandika shairi zima la kumzuia rafiki yake asioe, akiwapanga wanawake wa Roma mmoja baada ya mwingine na aibu zao. John Dryden alilitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1693, likapata wasomaji wapya. Kabla ya hapo, mwaka 1682, Robert Gould alikuwa ameshatoa shairi lake la kuwatusi wanawake wote kwa jumla. Aliyemjibu, mwaka 1686, alikuwa msichana wa London aliyeitwa Sarah Fyge. Kwa maelezo yake alikuwa na umri wa miaka 14 hivi alipolitunga jibu hilo, na kwa kosa la kuandika baba yake alimwondoa mjini akampeleka kukaa na ndugu mashambani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana utaratibu huu, kwa sababu malumbano ya washairi tunayajua. Mmoja anatoa hoja, mwenzake anajibu, na heshima ya jibu ni kufuata umbo la aliyeanza. Huko nako ilikuwa hivyo. Pope alitunga kwa mistari mirefu inayokwenda miwili miwili kwa kina kimoja, na waliomjibu walitunga hivyo hivyo. Swift alipenda mistari mifupi ya mizani minane, na aliyemjibu naye alirudisha minane. Kufuata umbo la mpinzani lilikuwa dai tosha kwa mwanamke ambaye hakupelekwa shule: kipimo chako ninakiweza.

Nyuma ya malumbano hayo kulikuwa na sheria. Mwanamke wa Uingereza akishaolewa, fedha zake, vitu vyake na ujira wake vilikuwa mali ya mume, isipokuwa familia tajiri zilizomudu kuandikisha mikataba maalumu. Sheria za kuibadili hali hiyo zilikuja mwaka 1870 na 1882. Kwa hiyo mhubiri John Sprint aliposimama kwenye harusi mjini Sherborne mwaka 1699 na kuwaelekeza wake namna ya kuwatii waume zao, alikuwa na sheria nyuma yake. Mary Chudleigh, mke wa kabaila wa Devon, alimjibu mwaka 1701 kwa shairi la mazungumzo ambamo wanaume watatu wanamzunguka mwanamke mmoja, Melissa, naye anawajibu wote. Mume aliyemo ndani ya shairi alipewa jina la Brute, yaani mnyama. Miaka miwili baadaye Chudleigh akatoa mistari yake inayonukuliwa zaidi: mke na mtumishi ni kitu kimoja, wamepishana jina tu.

Mistari hiyo ni mikali, na ninaiheshimu. Lakini nguvu yake inategemea jambo ambalo Chudleigh hakulichunguza. Ili bibi wa nyumba kubwa ashtuke kulinganishwa na mtumishi, lazima iwe imeshakubalika kwamba hali ya mtumishi haifai kwa binadamu. Basi nani atamsemea mtumishi?

Mtumishi huyo yumo katika tashtiti za wakati ule, na kwa kawaida anaitwa Betty. Jina hilo walipewa wasichana wa kazi wengi katika fasihi ya Kiingereza ya siku zile. Nimejizoeza kumtafuta kila ninaposoma mashairi haya, na karibu kila ninapomkuta ndipo shairi linapojifichua.

Katika The Rape of the Lock, shairi la Pope linalopendwa kuliko mengine yake, Betty yuko kwenye meza ya kujipambia. Kisa chenyewe kilitokea kweli. Lodi Petre, kijana wa familia ya Kikatoliki, alimkatia Arabella Fermor shungi la nywele bila ridhaa yake, familia mbili zikagombana, na rafiki yao John Caryll akamwomba Pope atunge kitu cha kuwachekesha ili wapatane. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1712, lile refu mwaka 1714. Pope alilichukua jambo dogo akalivalisha mavazi ya tenzi za vita za Homer: meza ya vipodozi ikawa madhabahu, karata zikawa majeshi, mkasi ukawa upanga. Juu ya meza ya Belinda, jina alilompa Arabella ndani ya shairi, poda na Biblia na barua za mapenzi vimelala pamoja bila cheo. Vito vimetoka India, manukato Arabuni. Vitana vimetengenezwa kwa pembe ya ndovu na gamba la kasa, bidhaa mbili ambazo pwani yetu ya Afrika Mashariki imeziuza ng'ambo kwa karne nyingi.

Ni shairi zuri, na kwa sehemu linamwonea huruma Belinda. Pope anaiona jamii inayomlea msichana hadi asitofautishe kuchafua heshima yake na kuchafua gauni lake jipya, na kejeli yake inaiangukia jamii hiyo zaidi kuliko msichana mwenyewe. Mwaka 1717 aliongeza hotuba ya Clarissa, anayewaambia wanawake wenzake kwamba uzuri utazeeka na ndui haina huruma, hivyo watafute akili na uvumilivu. Baadhi ya wasomaji huiona hotuba hiyo kuwa ndiyo utetezi. Mimi nasita, kwa sababu huyo Clarissa ndiye aliyempa Lodi mkasi.

Kinachonishughulisha zaidi ni mstari wa mwisho wa sehemu ya kwanza. Belinda anapambwa. Pope anaeleza kwamba vijini vya hewani visivyoonekana ndivyo vinavyomtengeneza: hivi vinagawa nywele, hivi vinakunja mikono ya gauni, hivi vinapanga marinda. Kisha anamaliza kwa kusema kwamba Betty anasifiwa kwa kazi ambayo si yake. Usomaji wa haraka unaliona hili kuwa neno la kuchekesha tu. Lakini tazama limefanya nini. Mtu pekee mle chumbani aliyeamka mapema, akachemsha maji, akapasha chuma cha kukunjia nywele na kusimama saa nzima nyuma ya kiti, ameambiwa kwamba kazi hakuifanya. Ili Belinda aonekane kama mungu wa kike ilibidi jasho la Betty ligeuzwe kuwa hewa.

Swift naye, mwaka 1732, alituingiza kwenye chumba cha namna hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin, na shairi lake la chumba cha kuvalia cha bibi liliwachukiza wengi. Celia ametumia saa tano kujipamba, ametoka. Mpenzi wake Strephon anajipenyeza ndani na kukagua kila kitu: shimizi lenye madoa ya kwapa, vitana vilivyoziba mba na poda, beseni la maji ya kunawia na mate, taulo zilizoganda uchafu, kioo kinachokuza chunusi, na hatimaye sanduku lenye chungu cha haja. Anakimbia akiomboleza kwamba Celia naye huenda haja kama watu wengine. Tangu siku hiyo kila mwanamke amuonaye anamnukia uvundo.

Wanaomtetea Swift wana hoja, na siwezi kuipuuza. Kichekesho kinamwangukia Strephon, mwanamume aliyelishwa mashairi ya mapenzi hadi akasahau kwamba mwanamke ana mwili. Mwishoni msimulizi anamhurumia kwa upofu wake na kumwambia kwamba ua zuri huota kwenye samadi. Nakubali. Tashtiti hii inabomoa sanamu ya mwanamke-malaika, na sanamu ile ilistahili kubomolewa, maana aliyewekwa juu ya madhabahu hapewi nafasi ya kuugua, kuchoka wala kuzeeka.

Lakini rudi mwanzo wa shairi. Strephon aliingiaje? Swift anatuambia kwa mistari miwili mifupi: chumba kilikuwa kitupu, na Betty alikuwa ameshughulika kwingine. Basi. Zile taulo zitafuliwa na nani? Beseni litamwagwa na nani, na chungu kile je? Orodha ya uchafu inaendelea mstari baada ya mstari kana kwamba uchafu huo utakaa hapo milele, na mtu ambaye kila siku anauondoa ameshatolewa nje ya mlango kabla orodha haijaanza. Angebaki ndani, shairi lisingeweza kuandikwa vile, kwa sababu asingeshangaa chochote.

Hapa lazima nimtendee Swift haki, maana mwaka 1734 alichapisha shairi jingine ambalo nalihesabu kuwa karibu zaidi na utetezi kuliko sifa zote za Pope. Ni la Corinna, kahaba wa mitaa ya Drury Lane, London, anayepanda ghorofani usiku na kujivua: wigi, jicho la kioo, nyusi za ngozi ya panya, meno, pedi za kujazia nyonga. Vidonda vyake vinatajwa bila kufichwa. Halafu analala na kuota, na ndoto zake ni gereza la Bridewell, mjeledi unaomfanya alie usingizini, wadai, askari, meli ya kumhamishia Jamaica. Asubuhi panya na paka wameharibu vifaa vyake, na hana budi kujiunganisha upya kipande kwa kipande ili arudi barabarani. Kuna ukatili katika kuangalia huku, na mstari wa mwisho una kinyaa. Hata hivyo ndoto zile ni ushahidi. Swift anajua nani anamchapa Corinna, anajua jina la gereza, anajua koloni anakopelekwa. Kwa mara moja mwili wa mwanamke maskini umeonyeshwa ukiwa na historia na mahakama juu yake.

Shairi la Celia lilijibiwa mwaka huo huo wa 1734, bila jina la mtunzi. Aliyelitunga alikuwa Lady Mary Wortley Montagu, mwanamke ambaye ndui ilimkwangua uso mwaka 1715, akajifunza uchanjaji alipokuwa Uturuki na kuuleta London mwaka 1721. Alikuwa rafiki wa Pope zamani, kisha wakawa mahasimu, na Pope hakuona haya kumchafua katika mashairi kwa jina la Sappho. Alijua basi jinsi vita vya kejeli vinavyopiganwa.

Jibu lake halina adabu hata kidogo. Anadai kutoa sababu halisi ya Swift kuandika. Mkuu wa kanisa, kola imepigwa pasi, pete ya almasi mkononi, anakwenda kumwona kahaba. Kwa muda mrefu amejaribu kumpata kwa utani na siasa bila mafanikio, hadi mtumishi wa mwanamke huyo, Jenny, alipomnong'oneza bei: pauni nne, au usijisumbue. Analipa, anaingia, anashindwa. Anadai arudishiwe pesa, mwanamke anakataa, naye anatishia kukitungia shairi chumba chake. Mwanamke anamjibu kwamba atafurahi sana akiandika, kwani atakuwa amempatia karatasi za kutumia chooni.

Jina la mwanamke huyo ni Betty. Katika shairi la Swift alitolewa nje. Katika shairi la Montagu amerudi, amekaa kitandani, ameshika pesa na amepewa neno la mwisho. Sidai kwamba Montagu alikuwa na nia ya kuwatetea watumishi, maana alikuwa binti wa kabaila na aliishi hivyo. Lakini aliona kitu ambacho wanaume walikuwa wamekiacha wazi: mtu anayeandika orodha ya uchafu wa mwanamke alifika chumbani mle akiwa na haja yake mwenyewe, na haja hiyo nayo inachekesha.

Udhaifu wa jibu hili ni kwamba ni pigo kwa pigo. Linamvunja Swift heshima, na Celia anabaki pale pale. Kwa hoja iliyopangwa tunapaswa kumgeukia Anne Ingram, Lady Irwin, aliyekulia kwenye jumba la Castle Howard huko Yorkshire. Mwishoni mwa mwaka 1736 jarida la Gentleman's Magazine lilichapisha waraka wake wa kishairi kwa Pope, ukitambulishwa kama kazi ya "bibi mmoja".

Pope katika shairi lake la 1735 alikuwa amewapitisha wanawake mmoja mmoja: mpenda anasa, mwenye hasira, mwenye moyo baridi. Mwishoni akamsifu Martha Blount kwa utulivu unaodumu hata vyombo vya kauri vikianguka. Mke bora kwake hamjibu mume hadi hasira zimpoe, na kama anamtawala, haonyeshi. Mbingu zikijitahidi kabisa, anasema Pope, kazi yao bora ni kuumba mwanamume laini zaidi. Hiyo ndiyo heshima ya juu aliyonayo kwa mwanamke, na mwenye kuipata ni mmoja tu, ambaye anatumika kuwahukumia wengine wote.

Irwin hakutukana. Alisema tofauti yote iko katika elimu: wanawake wakifundishwa watakuwa na hekima na maarifa kama wanaume. Desturi imewahukumu wawe wapumbavu, wazembe na wastarehe, hivyo si ajabu Pope akiona wanawake wa upuuzi. Hoja hii imeshinda. Nchi nyingi leo zinapeleka mabinti shule kwa kuikubali, na aliitoa miaka 56 kabla Mary Wollstonecraft hajachapisha kitabu chake cha kudai haki za wanawake mwaka 1792.

Na bado kuna neno moja ndani yake linaloniondolea raha: uzembe. Ni wanawake gani waliokuwa wamehukumiwa uzembe na starehe Uingereza mwaka 1736? Irwin alikuwa akizungumzia mabibi waliokaa sebuleni. Ametetea jinsia yake kwa kuichukulia sebule kuwa ndiyo nchi, kama Pope alivyoishambulia kwa kuichukulia hivyo hivyo.

Miaka mitatu baadaye, 1739, ulitoka waraka mwingine wa kishairi. Irwin alikuwa amejiita bibi, Montagu hakujitaja kabisa. Huu ulikuwa na jina la mtunzi, kazi yake na mahali pake kwenye ukurasa wa kwanza: Mary Collier, kwa sasa mfua nguo wa Petersfield, Hampshire. Aliuchapisha kwa gharama zake, na uliitwa The Woman's Labour, kazi ya mwanamke.

Uliandikwa kumjibu Stephen Duck. Huyu alikuwa kibarua wa shamba wa Wiltshire aliyetunga shairi zuri na la kweli kuhusu taabu ya kupura nafaka. Mwaka 1730 Malkia Caroline alilisikia, akampa Duck posho ya kila mwaka na nyumba, na mpuraji akawa mshairi wa watu wa ikulu. Lakini ndani ya shairi lake, wakati wa kukusanya majani makavu, wanakuja wanawake wa kibarua, na Duck anawacheka: laiti mikono yao ingekuwa myepesi kama ndimi zao, reki zingekwenda mbio kweli. Collier, ambaye alifundishwa kusoma na mama yake na hakuwahi kusoma shule, aliyajua mashairi ya Duck kwa moyo. Baadaye aliandika kwamba alipoona amewaonea wanawake alitamani kuita jeshi zima la wapiganaji wa kike waje kuwalipizia.

Hakuita jeshi. Alieleza siku yake ya kazi, na hapo ndipo ushairi huu wote unapobadilika.

Anaanza shambani. Sisi nasi tunavuna, anamwambia Duck, na watoto wetu wachanga tunakwenda nao, tunawafunga kwa nguo zetu wasipate baridi huku tukiokota masuke. Jioni mnarudi kupumzika. Sisi tunatangulia mbio kupika, kutandika vitanda, kulisha nguruwe, kisha tunasimama mlangoni kuwasubiri. Usiku nyinyi mnalala, sisi watoto wanalia. Duck alikuwa amelalamika kwamba mpuraji hata akilala huota yuko kazini. Collier anamjibu kwamba kazi yao imezidi kiasi kwamba hawapati hata muda wa kuota. Sijui jibu jingine la karne hiyo lililomnyang'anya mpinzani hoja yake kwa upole namna hiyo.

Kisha inakuja zamu ya kufua. Ni majira ya baridi, nyota zingali angani. Wafuaji wanatembea kwenye mvua au theluji hadi nyumba kubwa, wanabisha hodi, na hakuna anayefungua, kwa sababu msichana wa kazi wa nyumba hiyo alichoka mno jana, usingizi umemzidi. Wanasimama nje wakitetemeka wakiita. Wakiingia wanakuta marundo ya kitani laini, mashati ya kitambaa cha Uholanzi, lesi na marinda ambayo mababu hawakuyajua, na kila kipande kinataka uangalifu wa peke yake. Asubuhi imeshapanda ndipo bibi mwenye nyumba anashuka. Mkononi ana kikombe cha bia ya kuwachangamsha, na papo hapo anakagua wamefika wapi. Fueni zitakate, lakini msizichane. Punguzeni sabuni. Msichome kuni nyingi, gharama zimenielemea. Tena mara iliyopita nguo zangu zilirudi pungufu.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu anaisikia sauti hiyo bila mkalimani. Collier hamtusi bibi huyu hata kwa neno moja; anampanga tu, kikombe kwanza, masharti baadaye, tuhuma ya wizi mwisho. Wapo waliodai kwamba shairi lake ni lalamiko tu, halifikii daraja la tashtiti. Wairudie sehemu hii. Pope angejivunia mpangilio wake.

Baada ya bibi kuondoka wanaendelea hadi si jasho tu bali damu inachuruzika kwenye vifundo vya mikono na vidole. Jua linashuka na wao wanaliangalia kwa hofu kwamba litazama kabla hawajamaliza, kisha wanawasha mshumaa na kuunga mchana kwa usiku. Duck alikuwa amejifananisha na Sisyphus wa hadithi za Kiyunani, anayesukuma jiwe mlimani daima. Collier anachagua mfano wake mwenyewe kutoka hazina ile ile: mabinti wa Danaus, waliohukumiwa kujaza maji kwenye mapipa yasiyo na kitako. Mfua nguo hakuhitaji kwenda mbali kuupata. Na ujira wa siku nzima ni peni sita, au nane.

Pauni moja wakati huo ilikuwa peni 240. Zile pauni nne ambazo Montagu, kwa utani wake, alimtoza mkuu wa kanisa kwa saa moja iliyoharibika ni peni 960. Kwa peni nane kwa siku, Collier angezipata kwa siku 120 za kusimama kwenye karai.

Sasa turudi kwenye vyumba vya Belinda na Celia. Marinda ya vijini, taulo za Celia, shimizi lenye madoa: vyote vimeshuka ghorofani na kufika mbele ya mwanamke huyu. Yule msichana aliyeshindwa kuamka kufungua mlango ndiye Betty, na kwa mara ya kwanza tunaelezwa "ameshughulika kwingine" maana yake nini. Uchafu uliomkimbiza Strephon ni kazi ya kawaida ya siku ya mfua nguo, na katika shairi lake anaufua bila kumchukia mwenye nguo. Pope alisema wanawake hawana tabia, Irwin akasema hawana elimu. Collier anaonyesha walichokosa: usingizi, fedha, na mtu wa kuona wanachofanya.

Mary Leapor alikuwa msichana wa jikoni kwelikweli. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa Brackley, Northamptonshire. Alifanya kazi kwenye majumba ya wakubwa, akaandika kila alipopata upenyo, na akafa kwa surua mwaka 1746 akiwa na miaka 24. Mashairi yake yalichapishwa katika juzuu mbili, mwaka 1748 na 1751. Moja linamwelezea mwanamke kwa maneno machache ya kukata: akiwa mke ni mfungwa, asipoolewa anatelekezwa, akiwa na sura mbaya anadharauliwa, akiwa mzuri anasalitiwa. Jingine linatutembeza kwenye jumba kubwa kama mashairi ya kusifu majumba yalivyozoea, ila Leapor anatupeleka hadi jikoni, ambako mtumishi Ursula anamlilia Roger anayekoroma juu ya meza baada ya kushiba. Leapor alijifunza kutunga kwa kumsoma Pope, na inaonekana. Kipimo ni cha Pope, mlango wa kuingilia ni wa Betty.

Shairi la Collier lilipotoka wasomaji wengine hawakuamini kwamba mfua nguo angeweza kulitunga. Katika toleo la tatu, la mwaka 1740, ilibidi kiongezwe cheti kilichotiwa saini na wakazi wa Petersfield wakithibitisha kwamba ni kazi yake. Hakuitwa ikulu kama Duck. Kwa kauli yake hakupata hasara wala faida kubwa. Wengine waliondoka na mapato. Aliendelea kufua hadi umri wa miaka 63, akasimamia nyumba ya shamba mjini Alton hadi 70, kisha akahamia kwenye chumba cha darini. Mwaka 1762 mashairi yake yalikusanywa na kuchapwa Winchester, na baada ya hapo akasahaulika hadi watafiti walipomrudisha katika karne ya 20. Vyuo vyetu vinavyofundisha fasihi ya Kiingereza bado vinaweza kumpitisha mwanafunzi kwa Pope na Swift akahitimu bila kulisikia jina lake. Hilo linarekebishika kwa uamuzi wa mhadhiri mmoja: weka shairi la Celia na la mfua nguo kwenye juma moja la masomo, usome la kwanza Jumatatu na la pili Jumatano.

Mwanafunzi akifika mwisho wa shairi la Collier atakutana na mistari minne ambayo nadhani ndiyo iliyowafanya wakubwa wa wakati ule walipokee kwa baridi. Hadi hapo alikuwa akibishana na Duck, mwanamke na mwanamume. Ghafla anataja nyuki wanaobeba asali saa baada ya saa hadi mzingani, huku wenye mizinga, wachoyo, wakivuna faida yote na kuwalipa kidogo. Nyuki hao ni yeye na Duck pamoja. Amemaliza kumtetea mwanamke mbele ya mpuraji, akamgeuza mpuraji watazame upande mmoja, kwa mtu aliyeshika kikombe cha bia na kuhesabu sabuni.